Siku Mama Mkwe Alipomtaja Kaka Yake

Assalaam aleikum, wazazi wenzangu. Wakubwa zangu, shikamooni. Mmezoea kuniona nimekaa kule karibu na mlango, lakini leo nimeombwa nizungumze, basi nivumilieni.

Binti yangu ana usonji. Alipokuwa mdogo hakuwa akisema wala kuitika akiitwa, na nikimwogesha alilia mpaka majirani wa mtaa wetu wa Mabawa wakaja kuuliza kuna nini. Mume wangu kwao ni Pangani. Huko wakasema maradhi haya yametoka upande wangu. Mama mkwe alitamka mbele ya mawifi zangu kwamba ukoo wao haujapata kuzaa mtoto wa namna hiyo. Tukafukizwa, tukanyweshwa makombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwenye sahani. Ndugu zangu, nawaambia, hayo yote niliyabeba. Lililonishinda ni mume wangu kuanza kuwaamini. Nikamchukua mtoto nikarudi kwa mama yangu.

Nilipokuwa huko, muuguzi wa kliniki akaniambia kuna watafiti wa vinasaba, yaani yale tunayorithi kwa wazazi wetu. Walitaka mate kidogo ya mtoto, ya baba na mama, na ya bibi akiridhia. Walisema wazi kwamba hawana dawa, na huenda tusipate jibu lolote. Nilikubali, ila wenzangu, sikukubali kwa moyo mweupe. Nilitaka kipimo kiseme si mimi. Mume akaja kliniki na mama yake, na mama mkwe naye alikuja kwa sababu ileile, kipimo kiseme si upande wao.

Tukakaa chumba kimoja, hatutazamani. Binti yangu alikuwa sakafuni akizungusha mfuniko wa chupa. Mtafiti, mdada mpole, akauliza kama kuna ndugu aliyechelewa kusema. Upande wangu sikumjua yeyote. Mume wangu naye akajibu hakuna.

Mama mkwe alikuwa anamtazama mtoto. Akasema taratibu, "Alikuwepo kaka yangu. Alikuwa akizungusha kifuu hivyohivyo, kutwa nzima."

Mume wangu akamgeukia. Hakuwahi kusikia kwamba alikuwa na mjomba huyo. Mama mkwe akaeleza kuwa kaka yake hakuwa akisema, na wageni wakija alifungiwa chumba cha nyuma, watu wasije wakakataa kuwaoa dada zake. Alifariki angali kijana, na jina lake likapigwa marufuku nyumbani.

Nilidhani ningefurahi, maana nimeshinda. Sikufurahi. Ndani yake nilimwona msichana mdogo aliyekatazwa kumlilia kaka yake.

Mtafiti akamwambia, "Bibi, hapa hatutafuti mwenye makosa. Hata habari hii ya kaka yako haituambii usonji umetoka upande gani."

Tulipotoka nje mama mkwe alinishika mkono. "Mwanangu, nimekuonea. Rudi kwako."

Nikarudi. Majibu ya utafiti hayajaja, na siku hizi hatuyaulizii. Binti yangu anasoma, ana maneno yake machache, na bibi yake akija kutoka Pangani hulala naye chumba kimoja.

Namshukuru yule muuguzi, watafiti, mama yangu aliyenipokea bila maswali, na mume wangu aliyekubali kusikiliza. Namshukuru zaidi mama mkwe, aliyeniruhusu niyaseme haya. Nanyi nawaomba jambo moja: kama kwenu kuna mtu mliyemficha, mtajeni kwa jina. Watoto wenu wana haki ya kumjua ndugu yao.