Marashi ya Maiti

Gari ya abiria ya bodi la mbao, ya kwenda Wingwi, ilianza kunuka kitu kinachoungua kabla hatujafika nusu ya njia. Mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana. Bi Mize alipakata chupa ya marashi. Dadake alifariki alfajiri, na aliusia aoshwe na yeye tu. Pembeni yake alikuwepo Turki, aliyewahi kuendesha lori la karafuu, na tangu Wete hakuacha kutukumbusha.

"Breki inashika yenyewe, haiachii gurudumu," alisema Turki. "Tusimame."

"Mwanangu, hayo ni makonyo ya karafuu yanachomwa," alijibu Bi Mize. "Msimu huu Pemba nzima inanuka hivi. Dadangu anasaliwa adhuhuri."

"Bi mkubwa, makonyo hayatufuati njia nzima. Nipe tone la marashi hayo nilidondoshe kwenye gurudumu. Likichemka utaniamini."

"Marashi ya maiti ukayamwagie gari?" Akaibana chupa kifuani.

Turki alisimama, akakaa, akasimama tena. Mimi nilinyanyua miguu, maana sakafu ilikuwa ya moto. Moyo wangu ulikuwa upande wa Bi Mize, nyayo zangu upande wa Turki.

Tukaanza kuteremka. "Msikilize dereva," alisema Turki. "Mteremkoni anakanyaga mafuta."

"Anajua nina haraka."

Dereva akaondoa mguu kwenye mafuta. Gari ikasimama palepale, pua imeelekea chini, breki haijakanyagwa. Harufu ikatujaa puani. Bi Mize akalitazama jua lililokaribia utosini, kisha akaitazama chupa.