Mjomba Aliyengoja Kuitwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mama Coletha, Nahodha wetu Arnaud Nahimana na mkewe Aurélie, Mzee Nzeyimana, mjomba wa nahodha, Kocha Innocent, ndugu wachezaji, ndugu mashabiki na wageni waalikwa, amani iwe kwenu.

Naanza kwa kuomba radhi kwa ukimya mrefu. Tangu Machi mmeniuliza barabarani, kanisani na hata kwa kinyozi kama nahodha atasaini mkataba mpya, nami nimewajibu kuhusu hali ya hewa. Mimi, mnayeniita Mwalimu, ni Katibu wa Kamati ya Mikataba, na mkataba ulio mezani hauzungumzwi kwa kinyozi. Leo nimeruhusiwa kusema. Wasiojua Kiswahili watatafsiriwa na Kocha, ambaye nimemwomba asipunguze neno langu wala asiongeze lake.

Tumekusanyika katika ukumbi huu wa Berea kumuaga nahodha. Keki iko mezani, na juu yake yameandikwa kwa sukari maneno mawili: "Kwaheri Arnaud." Mwandiko ni mzuri. Kasoro yake ni moja tu: Arnaud hataki kuondoka, na sisi hatutaki aondoke. Yeye alidhani tumemwacha. Sisi tulidhani ametuacha. Mambo haya yamewezekanaje kati ya watu wazima?

Klabu yetu, iliyoanzishwa katika mtaa wa Point na wahamiaji wa Burundi, Kongo na Tanzania, ina kikomo cha mishahara. Kila mwaka Bodi hutaja jumla ambayo mishahara yote, kuanzia ya mlinda mlango hadi ya kijana wa benchi, haiwezi kuizidi. Je, ni nani hapa ambaye hajawahi kuishi Point katika chumba kimoja na familia nyingine, katikati pakiwa na pazia? Anayetaka nafasi zaidi husogeza pazia, na pazia likisogea, upande wa pili kuna mtu anayelala amekunja miguu. Kikomo ndicho chumba. Hakipanuki kwa sababu mmoja wetu ana mapenzi makubwa ya kufunga mabao.

Mkataba wa nahodha unakwisha mwisho wa mwezi huu wa Juni. Kwa desturi yetu, mchezaji haji kujisemea. Huja mtu mzima wa familia. Basi mwezi wa Aprili alikuja Mzee Nzeyimana, akataja mshahara ambao ungewakunja miguu wachezaji watatu. Nikamjibu kwamba tunatoa mshahara ule ule, kwa mwaka mmoja. Akavaa kofia yake, akasema, "Basi, Mwalimu, tubakie na amani," akatoka. Nikaandika kwamba amekataa. Mtu akiuliza, akajibiwa, akaaga na kuondoka, ningeandika nini kingine?

Alhamisi iliyopita nilikwenda kwenye duka lake la simu, katikati ya mji, kumwomba aseme machache leo.

"Maneno ya nini?" akauliza.

"Ya kumuaga mpwa wako."

Akaweka bisibisi chini. "Mwalimu, weye ulishauza kitu?"

"Hapana."

"Inaonekana. Mutu akiuliza bei, akatoka mu duka, unafanya nini?"

"Namwacha aende zake."

Aurélie, anayesuka nywele katika saluni ya jirani, alikuwa amesimama mlangoni. "Tonton," akamwambia mjomba, "huyu ukimupatia duka asubuhi, saa sita amefunga."

"Mutu anatoka pole pole, Mwalimu," akaendelea Mzee. "Unamuita, unamuongezea kitu kidogo, anarudi. Miye nilifika ku ngazi, nikainama, nikafunga kamba ya kiatu. Nikafunga tena. Hata mutu moja hakuniita."

Ndugu zangu, viatu hivyo amevivaa leo. Mtazame wenyewe: havina kamba.

Nikamuuliza ni kitu gani kidogo alichokuwa akikitaka. Akasema, "Miaka mbili. Arnaud iko na goti, mwaka moja ni mufupi. Pesa nilitaja juu ili mukatae, halafu mutupatie miaka."

Aurélie akaacha mzaha. Akaniambia, "Mwalimu, watoto wamezoea hapa. Tulihama sana. Mwaka moja ni kama kukaa na mizigo ku mulango."

Tangu siku hiyo watu wema wamenishauri tumwongeze nahodha fedha kidogo, tuziite nauli. Nimekataa, na nitaendelea kukataa. Pazia likisukumwa kwa jina la nauli, miguu inayokunjwa ni ile ile. Lakini kikomo hupima mishahara ya mwaka. Hakipimi urefu wa mkataba. Miaka miwili haimkunji mtu miguu. Hatari yake ni goti: likigoma mwaka wa pili, tutamlipa nahodha huku amekaa jukwaani. Hatari hiyo ni ya kweli, na Bodi lazima iipime.

Inapoipima, ipime pia mtu mwenyewe. Arnaud amekuwa nahodha tangu mwaka wa Kombe la Dunia. Humlalamikia mwamuzi kwa Kifaransa chenye adabu hata waamuzi wawili wamewahi kumshukuru. Katika mechi iliyotuokoa tusishuke daraja, alimaliza mchezo goti lake likiwa limefungwa kwa taulo la saluni, la rangi ya waridi, na hakuna mpinzani aliyethubutu kulicheka mara mbili.

Klabu ya mji mwingine inamtaka, nayo inadai jibu ifikapo Jumanne. Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, nafanya sasa jambo ambalo lilistahili kufanywa Aprili, pale ngazini.

Mzee Nzeyimana, rudi tuzungumze.

Naona ameinama. Tafadhali, Mzee, acha kamba; umekwisha kuitwa.

Mwenyekiti wetu, Mama Coletha, ananiashiria kwamba Bodi itakaa Jumatatu asubuhi. Siahidi miaka miwili, kwa kuwa si yangu kuiahidi. Ninachoahidi ni kwamba nitaipeleka mbele ya Bodi mimi mwenyewe, na nikiombwa nitoke nje, nitatoka pole pole.

Kuhusu keki, haifai iharibike kwa sababu ya makosa ya wazee. Aurélie, mwanangu, chukua kisu uanzie upande wa "Kwaheri". Neno hilo tuligawane lote usiku huu. Upande wa jina uwekwe ndani ya friji hadi Jumanne.

Uamuzi ukishatolewa nitawaandikia ninyi nyote, siku hiyo hiyo, kwa maneno machache kuliko haya. Nawashukuru kwa kunivumilia mkiwa na njaa. Asanteni kwa masikio yenu.