Mafuta ya Kutobolea Kifuniko cha Pongwe

Benchi la kahawa la Mabawa limeegemea ukuta wa karakana ya Imakulata, kwa hiyo kila akiwasha drili hupata washauri kabla hajapata tundu. Asubuhi hiyo alikuwa na kifuniko cha pampu ya maji kutoka Pongwe, matundu manne ya kutoboa kabla gari halijarudi saa nne, na keekee moja tu ya kutia kwenye drili. Mbili zilikuwa zimeshalika, na tundu la kwanza halijafika nusu. Ng'ombe wa Pongwe walikuwa hawajanywa tangu jana.

Hatibu Meli, aliyewahi kufanya kazi bandarini na hajamruhusu mtu asahau, alilaumu oili chafu aliyokuwa akitobolea Imakulata.

— Melini tulipaka mafuta ya kondoo, mwanangu. Chombo cha kuzama hakina usukani.

Imakulata hakuuliza usukani umeingiaje. Robert, aliyejipa mwenyewe cheo cha Profesa, akaleta mafuta ya nazi ya mkewe, ya nywele. Drili ikapiga kelele, karakana ikanuka saluni.

— Ongeza, alisema Profesa. Haba na haba hujaza kibaba.

Imakulata akaongeza. Hatibu akapendekeza mafuta ya breki. Profesa hakukubali kushindwa; akamimina tunduni kikombe cha mwisho cha kahawa.

— Inaamsha watu wazima. Itashindwa chuma?

Ndipo akafika Bi Narmin wa duka la vipuri, na kopo la mafuta ya kukatia chuma aliloagizwa na Imakulata.

— Shikamoo, Bi Narmin.

— Marahaba. Unatoboa chuma gani?

Benchi zima likainamia kifuniko. Mwishowe Profesa akasema ni chuma cha Pongwe.

Imakulata alichota tope jeusi tunduni, akalifikicha. Likamkwaruza. Chuma cha pua hutoa nyuzi zilizojikunja. Hiki kilitoa unga. Kilikuwa chuma cha kusubu, kilichomiminwa kwenye kalibu, na hicho hutobolewa kikavu. Unga wake ukikutana na mafuta huwa msasa. Keekee mbili alikuwa amezilisha msasa kwa mkono wake, na alilijua hilo tangu chuoni.

— Basi kopo hili si lako, alisema Bi Narmin, akalirudisha kikapuni.

Imakulata akafuta tundu mpaka likakauka, akakandamiza polepole. Unga mkavu ukamwagika kama pilipili manga. Punde keekee ikachomoza upande wa pili.

— Mnaona, alisema Profesa. Ni kahawa ile.

Imakulata alikuwa ameshahamia tundu la pili.

— Kalete kahawa nyingine, Profesa. Hiyo mnywe.