Nyenzo Yangu na Panga la Shangazi

Ndugu zangu mnaosoma huku mnafanya kazi, nipeni masikio kidogo. Ninachowasimulia kinanitia kinyaa mpaka leo, na kinyaa chenyewe ni juu yangu mimi.

Mimi ni bwana shamba kule kijijini Bisibo. Utafiti wangu wa shahada ulihusu mnyauko wa migomba. Rasimu ya kwanza ilirudi na wino mwekundu wa msimamizi: "Unarudiarudia maneno. Tafuta mbadala." Haya! Nikakaa na kamusi. Mgomba ukawa mmea, kisha zao, kisha uoto. Panga, hili hili la kila siku, likawa kifaa, likawa zana, mwisho likawa nyenzo. Nyenzo! Ptuu! Na nilijiona msomi, nawaambieni, natembea mjini Nyakanazi na rasimu kwapani, kifua mbele.

Nikaenda kuwasomea wakulima mapendekezo: "Nyenzo ipitishwe motoni kabla ya kuhamia uoto mwingine." Wakapiga makofi. Shangazi yangu, aliyenilea kwa ndizi za shamba lake, alipiga kuliko wote.

Wiki kadhaa baadaye nikapita kwake. Nikamkuta shambani. Hata shikamoo haijanitoka, namwona amekata mgomba mgonjwa, usaha wa njano unachuruzika, unanuka, halafu panga lilelile analipeleka kwenye mgomba mzima. Nikapiga kelele: "Shangazi! Si nilisoma kwamba uchome moto kwanza?"

Akanishangaa. "Ulisoma habari za nyenzo, mwanangu. Mimi sina nyenzo. Nina panga."

Nusu ya shamba ilikuwa imeshanyauka, na aliyeliua ni mimi na ujuaji wangu.

Nikaandika upya. Pale nilipojaza "alisema, alisema", nikaweka alieleza, alikiri, alilalamika. Hapo msimamizi alikuwa sahihi. Lakini mgomba ukabaki mgomba, panga likabaki panga, kila ukurasa. Nikamweleza sababu, akakubali, namshukuru. Nanyi mlioisoma ile rasimu ya kwanza mkanicheka, asanteni, ingawa mngecheka mapema. Ndugu zangu, badilisheni maneno mengine yote, ila jina la kitu ambacho mtu amekishika mkononi liacheni.

Na shangazi, nimshukuruje? Nilimsomea upya jikoni kwake. Sentensi sijaimaliza, alikuwa ameshanyanyuka, analitia panga motoni.