Fundi Baridi na Blanketi la Ukutani

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Baridi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa mshona magodoro. Alisoma hadi darasa la saba, akaacha shule baba yake alipopooza.

Mwaka 1969 aliingia kwenye ufundi wa majokofu, akaufanya miaka arobaini na minne. Kabla ya kujaza gesi alifyonza hewa yote mabombani kwa pampu. Mwanawe wa kwanza, anayewasomea wasifu huu, alimuuliza utotoni, "Baba, hapo patupu pana baridi kiasi gani?"

Fundi akacheka. "Patupu penyewe hapana joto wala baridi, baba. Baridi ni joto lako likitoka lisirudi."

Tarehe 8 Agosti 1975 alimuoa fundi cherehani aliyekuja mara tatu kulalamikia friji. Friji halikuwa na kasoro yoyote. Mama amekiri juzi.

Mwana alisoma, akawa mwalimu wa fizikia, akavimba kichwa. Kwenye sherehe ya mahafali yake, mwaka 2000, aliwaambia wageni kwamba mtu akitupwa anga za juu huganda papo hapo.

"Hagandi upesi hivyo," Fundi alisema taratibu. "Chai ya kwenye chupa imezungukwa na utupu, mbona inakaa na moto wake mpaka jioni?"

"Mzee, hii ni fizikia, si friji."

Watu wakaangua kicheko. Mwaka uliofuata mwalimu aligundua kwamba baba yake alikuwa sahihi, akanyamaza.

Figo zilianza kumsumbua Fundi Januari 2023. Alilala kwa mwanawe, kitanda kikigusana na ukuta mtupu wa zege, msimu wa baridi wa Juni. Alisema ukuta unamfyonza joto. Mwalimu alimwonyesha kipimajoto: nyuzi ishirini na tatu. Binti wa Fundi akatundika blanketi ukutani, na mzee akalala usingizi wa pono. Kesho yake mwalimu alilitoa, kwa kuwa walimu wenzake walikuwa wanakuja kumjulia hali mgonjwa, naye aliona haya chumba kionekane kama ghala.

Fundi hakubishana. Alimwambia mkewe tu, "Kijana kapima chumba. Mimi hajanipima."

Alifariki tarehe 2 Julai 2023, saa nne asubuhi. Daktari amesema ni figo. Mwalimu ameambiwa hivyo mara tatu, na aibu haijapungua.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Blanketi lile amefunikwa nalo ndani ya jeneza. Mwanawe ndiye aliyemfunika, kwa kuchelewa. Na mbele yenu mliocheka siku ile, anasema alichopaswa kusema zamani: Baba, ulikuwa sahihi. Pumzika kwa amani.