Pale Palipobonyea: Risala ya Mafundi wa Bodi wa Kaplong kwa Mama Rodah

Mgeni rasmi, Mama Rodah, muuguzi mkuu mstaafu na jirani yetu, Bwana Chifu, Mchungaji, wazee, akina mama na vijana mliofika: chamgei.

KARIBU

Sisi mafundi wa bodi na rangi hapa Kaplong tunakukaribisha ufungue kibanda chetu kipya. Tulikuwa tumejiandaa kukupokea kwa kelele nyingi kuliko hizi, na mbele kidogo utaelewa kwa nini tumezipunguza. Risala inasomwa na katibu wetu, Priscah, lakini maneno ni yetu sote. Mengine ni ya mwenzetu Gordon Oyoo, ambaye amekataa kiti. Amesimama kule nyuma karibu na turubai, kofia mkononi, na tunaomba asiangaliwe sana.

HISTORIA YETU

Tulianzia kando ya barabara, mkabala na posho mill, tukiwa na mtungi wa gesi, msasa na ujeuri. Bosi wetu alikuwa mvua. Wenyeji wanajua: asubuhi jua, mchana mvua inashuka kutoka upande wa Mau, na rangi iliyopulizwa saa hizo inageuka nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Mwenye gari naye anakuja na maneno ambayo hatuwezi kuyasoma mbele ya Mchungaji.

Siku moja ulitupata tumefunika gari la mtu kwa magunia ya majani chai, sisi wenyewe tumelowa chapachapa. Ukasimama na mwavuli wako, ukauliza, "Sasa nyinyi mnafunika gari na nyinyi mnanyeshewa? Si muingie kwangu hapo kando." Hapo kando ndipo tunaposimama leo, na hujawahi kutukumbusha kwamba ni kwako.

MAFANIKIO

Kibanda hakivuji. Magari yanatufikia kutoka Siongiroi na Kimulot, na sababu ni moja: hatufichi kutu. Wako mafundi wanaoijazia pati ya kuziba mashimo, wanapaka rangi juu, gari linang'aa mpaka masika. Sisi tunaikata kutu mpaka bati safi lionekane, tunaunga bati jipya, tunapaka praima ya kuzuia kutu, ndipo rangi inafuata.

Katika hayo, mkono wetu ni Oyoo. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, mama yake Jerusa akichuma, na Kipsigis anakiongea kutushinda baadhi yetu. Yeye hufumba macho, akapitisha kiganja kwenye mlango wa gari, akasema, "Hapa iko na ugonjwa." Na ukikwangua unaukuta. Huyu mtu hata sufuria iliyobonyea haimpiti. Akialikwa chakula atainyosha kwanza. Tulikuwa tunamcheka kwa hilo, na tulijivunia. Ndilo lililotuponza.

CHANGAMOTO

Stima hupotea katikati ya kazi. Wateja huleta gari Ijumaa jioni wakitaka liende harusi Jumamosi. Tungeweza kuendelea hivi mpaka mvua ije, Mama, lakini tunazunguka tu. Changamoto yetu ni pikapu yako.

Ulipoileta, kutu ilikuwa imekula sakafu na milango yote miwili. Ulisema, "Toeni kutu yote, mrudishe bluu yake. Hapo nyuma mwache tu vile iko." Hapo nyuma ni ubavu wa kushoto, juu ya gurudumu, mahali palipobonyea kiasi cha sinia. Ulisema hivyo ukiwa umeshageuka kwenda. Hukutueleza sababu, na haikuwa lazima utueleze.

Lakini hebu tuseme ubaya wa kazi hii. Kila mteja husema "hapo wacha tu", na maana yake ni kwamba mfuko umekataa. Masikio yetu yamezoea kusikia hivyo. Oyoo naye akasikia mama anajinyima. Wakati wa githeri akatuambia, "Huyu mama alitutoa kwa mvua. Hiyo nitamnyoshea na sitamwambia. Ataiona siku ya sherehe."

Hakuna hata mmoja wetu aliyesema ngoja kwanza tumuulize. Tulimsifu. Mwenzetu Nicholas alishikilia chuma kwa nje, Oyoo akawa anagonga kwa ndani, taratibu, asubuhi nzima, mpaka bati likarudi lilivyotoka kiwandani. Akapaka praima. Alipopitisha kiganja hapo hakuona ugonjwa, akacheka peke yake. Ni kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na kila akiikumbuka inamuuma.

Wiki iliyopita shemeji yako, Mzee Eliakim, alipitia hapa kuona gari limefika wapi. Alilizunguka akisifu milango. Alipofika nyuma akainama kuangalia ubavu.

"Pale palipobonyea pako wapi?"

"Tulinyosha, mzee," Oyoo akamjibu, bado anatabasamu. "Ni zawadi ya mama."

Mzee alitafuta mahali pa kuketi, akaketi juu ya gurudumu kuukuu. Akatueleza polepole, bila hasira, na afadhali angetutukana. Alituambia jinsi binti yako Cheptoo alivyofunga shule, baba yake Johana akamfundisha kuendesha, na siku ya kwanza ya kurudi rivasi akaigonga nguzo ya geti. Msichana alilia. Johana alicheka mpaka akashika mbavu, akamwambia, "Nyamaza, umeweka sahihi yako." Mwaka uliofuata Cheptoo akaugua, akapelekwa hospitali, na hakurudi nyumbani. Tangu hapo Johana hakuruhusu fundi aguse pale. Alipoosha gari alikuwa akipitisha kitambaa hapo kwa mkono mwepesi, peke yake, mpaka naye alipotuaga.

Oyoo aligeuka. Aliingia ndani akatoka na nyundo, na sote tulijua anachotaka kufanya. Akaiinua mbele ya ule ubavu. Ilikaa juu muda, kisha akaishusha.

"Nikigonga itakuwa yangu," akasema. "Haitakuwa ya msichana."

Tangu siku hiyo hajashika nyundo. Gari tumelimalizia sisi wenzake, kutu imetoka yote, na bluu imerudi kila mahali isipokuwa pale. Pale hatukuthubutu, pamebaki na kijivu cha praima.

Ujue pia kwamba alikuja kwako. Alitaka akuambie mwenyewe kabla ya leo. Alifika getini, akaona nguzo bado imeinama, na mstari wa bluu umeng'ang'ania kwenye mbao. Siku moja tulipopita kwako alikuwa ameiona nguzo hiyohiyo, akatuambia njiani kwamba siku akipata nafasi ataisimamisha vizuri. Alikumbuka hilo akiwa pale getini, mbwa wakimbwekea. Akarudi.

MAOMBI

Kwa desturi hapa ndipo vikundi huomba tangi la maji na barabara. Hayo yatasubiri.

Tunaomba msamaha, Mama. Hatuombi utupe leo mbele ya watu. Ukae nao, na ukiona hautoki, bado kando hii ni yako, na ukituambia tuhame tutahama bila kinyongo.

Turubai likitolewa kwenye pikapu, tunaomba wageni wote wasipige makofi. Tulibishana kama jambo hili lisemwe hapa au nyumbani kwako. Oyoo ndiye aliyesema hapa, sababu gari lingefunuliwa hapa, watu wangeshangilia bati lilivyonyooka, na wewe ungelazimika kusimama ukitabasamu.

Utuambie pia ule ubavu tuufanyeje. Ukitaka ubaki kijivu, tutakuwa tunaupaka praima kila mwaka kutu isiushike, na hatutakuuliza kitu. Ukitaka bluu, Oyoo anaomba ruhusa aje getini kwako alinganishe rangi na ule mstari ulio kwenye nguzo, maana hiyo ndiyo bluu ya siku ile. Amesema ataiangalia tu. Hataigusa.

La mwisho si ombi, ni ahadi. Ule mbonyeo tuliutoa na hatuwezi kuurudisha. Lakini nguzo bado imeinama vile alivyoiacha Cheptoo. Tumeambiana sisi sote, wakubwa na wadogo: hakuna fundi wa hapa atakayeinyosha, kuikwangua wala kuipaka rangi. Tukipita getini kwako tutapita mikono ikiwa mifukoni.

Mungu akushike mkono, Mama Rodah. Awalaze pema Johana na Cheptoo. Na mvua ya leo aizuie huko juu mpaka ufike nyumbani na gari lako.

Asante sana: kongoi mising, na kwa lugha ya Oyoo, erokamano.

Ni sisi,
Mafundi wa Bodi na Rangi, Kaplong,
pamoja na Oyoo, ambaye anangoja umwite.