Poka ya Video, Ghorofa ya Pili

Fundi: Haloo? Nani mwenzangu?

Karani: Mimi, shemeji. Au umeshaifuta namba yangu?

Fundi: Aa, shemeji yangu! Nikufute wewe? Mungu anione. Habari za huko?

Karani: Huku salama. Za ugenini?

Fundi: Ugenini kwema, ila miguu imeisha. Sema haraka, huku hata kupokea simu wanakata salio.

Karani: Umefika kasino ngapi?

Fundi: Mbili, zote mkosi. Ile ya kwanza uliyonitajia, ya karibu na stesheni—

Karani: Enhe.

Fundi: Nimeizunguka kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Mashine za matunda, za mafarao, za samaki wanaocheka. Poka ya video, hakuna. Namuuliza dada mmoja wa pale, ananipeleka kwenye meza ya karata za watu kwa watu. Namwambia siyo hiyo, nataka ile ya kioo, mimi na mashine tu, tusisemeshane na mtu. Akanicheka.

Karani: Pole. Na ya pili?

Fundi: Wanayo moja. Wameifunika turubai. Imekufa!

Karani: Ungeifufua. Si fundi wewe?

Fundi: Mimi fundi lifti, shemeji, usiniharibie— [mkwaruzo] —haloo? Haloo?

Karani: Nakusikia. Sogea dirishani.

Fundi: Nipo barabarani, dirisha lipi? Haya, nimefika hii ya tatu, mkabala na posta. Una hakika nayo?

Karani: Shemeji, tangu jana nimepigia hoteli kumi na moja. Bosi wangu anadhani nina mteja mkubwa anayetaka kuleta wageni arobaini. Hii ya mkabala na posta nimeongea na msimamizi mwenyewe. Ghorofa ya pili, ukitoka kwenye lifti pinda kushoto, pita baa. Mashine nne ukutani.

Fundi: Nne!

Karani: Nimemwambia anisomee na malipo kwenye kioo.

Fundi: Akasoma?

Karani: Fulhausi inalipa tisa, flashi sita.

Fundi: Rudia.

Karani: Tisa na sita.

Fundi: Shemeji, wewe ni dhahabu. Huko nyumbani siku zote nakutana na nane kwa tano, na hizo ni za kumnyonya mtu kama mua. Tisa na sita! Ofisi hiyo ya safari inakupoteza bure.

Karani: Sanduku lako liko wapi?

Fundi: Kwenye teksi, hapa nje. Dereva nimemwambia anisubiri. Kozi imeisha jana, cheti ninacho mfukoni, sina deni na mtu.

Karani: Ndege saa tisa. Dawati la uwanjani linafungwa saa nane.

Fundi: Najua, si wewe uliyenikatia tiketi?

Karani: Ndiyo maana nakwambia. Na kufika uwanjani dakika arobaini. Sasa ni saa saba kamili.

Fundi: Basi nina dakika ishirini za raha. Nigonge mikono michache tu, niseme niliwahi kuiona kwa macho. Naingia. Lifti yenyewe hii... sikia inavyolia. Waya umechoka, hawa watu wataua mtu. [mlio wa kengele] Kesho kikao kiko palepale, saa nne?

Karani: Saa nne asubuhi, kwa baba mkubwa. Leo mzee karudia tena. Ukitokea ukaomba radhi mbele ya watu, dada anarudi nyumbani kwako. Usipotokea, harudi, na mtu asimletee habari hiyo tena.

Fundi: Nitatokea, shemeji. Nitapiga magoti mpaka mseme yatosha. Yeye yukoje?

Karani: Anafunga sanduku. Toka asubuhi anakunja nguo, anakunjua, anakunja tena. Kanunua hata mapazia.

Fundi: Mapazia! Mke wangu yule... Haya. Kushoto. Baa. Lahaula.

Karani: Zipo?

Fundi: Nne. Na hakuna hata mtu mmoja. Tisa... sita... ni kweli, shemeji, ni kweli! Ngoja nikae.

Karani: Kiti kizuri?

Fundi: Cha ngozi. Kinazunguka.

Karani: Kizuri.

[milio ya vitufe]

Fundi: Jozi ya jeki mkono wa kwanza! Imenitambua. Lakini shemeji, nikuulize. Ulikuwa hutaki hata kunisalimia. Miezi mitano ukinipita mlangoni kama nguzo. Leo unanihangaikia hivi. Umenisamehe?

Karani: Cheza kwanza.

Fundi: Naomba jibu, bwana.

Karani: Unamkumbuka mama kwenye kile kiti?

Fundi: Kiti gani?

Karani: Cha plastiki. Cha mapokezi ya ile hoteli yenye kasino. Ulikuwa unamrudisha kutoka kufanyiwa upasuaji wa jicho. Moja limefungwa bandeji, la pili ndilo lile asiloona nalo vizuri. Ukamwambia, mama, kaa hapa, naenda msalani mara moja.

Fundi: Shemeji, hayo tuliyaongea—

Karani: Mliyaongea na dada. Mimi hukuongea nami. Ilikuwa saa tano. Saa kumi alikuwa bado amekaa. Mlinzi aliyewaona mkiingia alikuja kukuita mara mbili.

Fundi: Sikumsikia, nilikuwa—

Karani: Unajua kwa nini hakumwambia mtu amnyanyue? Aliona aibu. Atawaambiaje watu baki kwamba anamtafuta mkwewe kwenye chumba cha kamari? Akakulindia heshima yako, shemeji. Akainuka peke yake kutafuta choo, anapapasa ukuta, kumbe mbele kuna ngazi.

[mkwaruzo]

Fundi: Mama mwenyewe hana neno na mimi. Juzi tu kaniombea dua ya safari.

Karani: Mama hana neno. Asubuhi kaniuliza kama huko unakula vizuri. Mimi ndiye ninayemshika kiuno akienda kuoga. Mimi ninalo neno.

Fundi: Kwa hiyo... kwa hiyo hizi hoteli kumi na moja—

Karani: Sikukudanganya hata moja. Mashine ipo au haipo?

Fundi: Ipo.

Karani: Tisa na sita?

Fundi: Tisa na sita.

Karani: Nilitaka uipate, shemeji. Unayoipenda hasa, katika mji usio na mtu wa kukuvuta shati. Halafu ndege iondoke. Ijayo ni Jumapili, kikao kimeshapita. Nimeikagua mara tatu.

Fundi: Una roho wewe! Mtoto mpole vile, huku ndani una wembe?

Karani: Ninao. Sikuujua mpaka mwaka huu.

[milio ya vitufe]

Karani: Shemeji.

Fundi: Mm.

Karani: Bado unabonyeza?

Fundi: Namalizia vilivyobaki humu, siwezi kuviacha—

Karani: Sikiliza. Nilikuwa nisikwambie. Nilikuwa nikae kimya mpaka saa nane ipite, nikuombee safari njema. Nimeshindwa. Mapazia ya dada yananiuma. Saa saba na dakika kumi na nane. Inuka. Dereva yupo nje. Ukiinuka sasa, utawahi, na mimi kesho nitakuwa wa kwanza kukutandikia mkeka.

Fundi: Kweli?

Karani: Kweli. Na sitakutajia kile kiti tena maisha yangu yote. Inuka tu.

Fundi: Asante, shemeji. Mungu akuweke. Nainuka. Nimeshashika na koti.

Karani: Umesimama?

Fundi: Nimesi— shemeji.

Karani: Nini?

Fundi: Shupaza.

Karani: Nini?

Fundi: Kumi, jeki, kwini, kingi. Zote shupaza! Zimekuja mkononi zenyewe, sikuzitafuta! Imebaki esi. Esi moja tu, ya shupaza, niupate mkono mkubwa kuliko yote! Miaka tisa sijawahi—

Karani: Toka hapo!

Fundi: Natoka, natoka, ni kubonyeza mara moja tu—

Karani: Toka, nakuomba! Nakuomba mimi! Ngoja. Dada yupo hapa mlangoni.

Fundi: Nani?

Karani: Dada. Kasimama hapa na funguo za sanduku. Simu nimeiweka spika, sijui kaanzia wapi kusikia. Anataka simu.

Fundi: Usimpe! Mwambie mtandao— [mkwaruzo]

Dada: Haloo.

Fundi: Mke wangu! Mke wangu, habari za tangu asubuhi?

Dada: Nzuri. Uko wapi?

Fundi: Niko njiani. Ndani ya teksi. Kuna foleni kidogo, lakini tunasogea.

Dada: Teksi.

Fundi: Ndiyo. Dereva kafungulia redio, kwa hiyo ukisikia hizi kelele-kelele—

[mlio mrefu wa mashine, unashuka, unazima]

Dada: Umepata esi?

Fundi: Saba ya kopa. Mke wangu. Mke wangu, ngoja—

Dada: Pole.

Fundi: Nawahi! Nakuapia nawahi, ninashuka ngazi sasa hivi, lifti yao mbovu, nashuka kwa miguu—

Dada: Bado umekaa. Kiti kinalia ukigeuka.

Fundi: Salio linaisha. Sikiliza, simu itakatika, niambie neno moja tu, moja, nije nalo kesho—

Dada: Cheza.

[simu imekatika]